Kila Chupa Ionjwe

Watu wa Songea wanaonikumbuka kwa habari ya mvinyo wananikumbuka kwa wema, na hilo ndilo linaloniuma. Mpaka leo nikikutana sokoni na mama wa makamo, anaweza kunishika mkono na kuwaambia wenzake, "Huyu ndiye aliyenipangia meza harusini kwangu. Mvinyo mweupe kwa samaki, mwekundu kwa nyama, hebu fikirieni, enzi zile!" Mimi nacheka, nashukuru, naendelea kuchagua nyanya. Simwambii kwamba meza zile ndizo zilizommaliza baba yangu. Utamwambiaje mtu jambo kama hilo na yeye amekuja kununua bamia?

Kwetu kiangazi ndio msimu wa sherehe. Mahindi yameshaingia ndani, barabara zimekauka, na kila Jumamosi utaona turubai limesimamishwa mahali: harusi, komunyo ya kwanza, kipaimara, jubilei ya sista fulani. Nilipokuwa mdogo vinywaji havikuwa na mjadala. Ilipikwa kangara, pombe ya unga wa mahindi na asali, ikawekwa kwenye chungu kikubwa. Mwenye sherehe alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza mbele ya macho ya watu, ndipo kata ikazunguka. Ile haikuwa adabu ya kupendezesha tu. Alikuwa anasema: kama kuna kitu humu ndani, kianze na mimi. Hakuna mzee aliyegusa kinywaji ambacho mwenye sherehe hakukionja. Nililiona jambo hilo mara nyingi mno hata sikuwahi kulifikiria.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni na kurudi bila sabuni, tukaamka tukakuta maduka ya mtaa wa Mfaranyaki yamejaa. Biskuti za bati, mafuta ya nywele, redio za kaseti, na chupa za mvinyo zenye picha za mashamba na majumba ya mawe. Zilikuja na malori kupitia Makambako, zikashushwa na kupangwa kwenye rafu zilizopigwa na jua kuanzia asubuhi. Kamati za harusi zikaziona. Harusi ambayo meza yake kuu haina mvinyo ikaanza kuonekana ya kishamba.

Mimi nilikuwa nimesoma miaka miwili kwenye chuo cha maarifa ya nyumbani cha masista. Tulifundishwa kushona, kuoka keki kwa sufuria na mchanga, kuweka uma kushoto na kisu kulia. Siku moja, siku moja tu, sista mmoja mzee alitufundisha mvinyo. Kwa kuwa tulikuwa wasichana na haikufaa tunywe, alimimina maji kwenye glasi akasema huu ni mweupe, unakwenda na samaki na kuku. Akamimina chai ya rangi kwenye glasi ya pili akasema huu ni mwekundu, unakwenda na nyama. Tukaandika kwenye madaftari. Utaalamu wangu wote ulikuwa huo, maji na chai.

Lakini kamati ya kwanza iliponiita kupika na kupanga meza, nilijitia ujuaji wa ajabu. Niliwauliza kwa sauti ya kisista watakula nini. Wakataja mbasa, samaki wa ziwani, wa kukaanga kutoka Mbamba Bay, mbuzi wa kuchoma, pilau, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Nikaenda dukani nikachagua chupa kwa kutazama rangi zake, nusu hivi nusu vile, nikarudi kifua mbele. Siku ya harusi bwana harusi alimeza funda la kwanza akafumba macho. Wengi walidhani mvinyo ndivyo ulivyo, wakavumilia. Mgeni mmoja aliyetoka Dar es Salaam akaniita pembeni akaniambia kwa upole, "Dada, hii imeshakuwa siki." Nilitamani ardhi inimeze na sahani zangu zote.

Ndipo nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mteuzi wa tumbaku. Mteuzi ndiye anayepanga madaraja: robota la majani linafunguliwa mbele yake, anachomoa jani la katikati, analisugua kwa vidole, analipeleka puani, kisha anataja daraja. Mkulima wa Namtumbo aliyehangaika na shamba na moshi mwaka mzima anasimama pale akisubiri neno moja kutoka kinywani mwake. Baba aliifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Kwa ajili ya pua hakuvuta, hakula pilipili, na hakunywa. Kwenye sherehe aliigusisha kata midomoni kwa heshima akaipitisha. Mama alipokaanga vitunguu, baba alitoka nje akasimama upande ambao upepo hauleti.

Miaka ile ile iliyoleta chupa madukani iliwaondoa watu kazini. Baba alikuwa kwenye orodha ya waliopunguzwa. Alirudi nyumbani kwetu Mjimwema na barua moja na saa ya ukutani, akaitundika saa, akatoa kigoda nje, akakaa. Alikaa hapo mwaka mzima. Ukimtazama vizuri ungeona kidole gumba kinasugua kidole cha shahada, taratibu, bila jani. Nilikuwa nikifika na kusema, "Shikamoo, baba," naye akijibu, "Marahaba," na mazungumzo yetu yakaishia hapo. Mimi niliogopa ukimya ule kuliko nilivyoogopa kitu chochote.

Kwa hiyo siku nilipomletea chupa tatu na kumwomba anuse, sikuwa nafikiria harusi peke yake. Nilitaka baba yangu asimame kutoka kwenye kile kigoda. Hilo ndilo nililolitaka, naliandika wazi ili nisije nikajisingizia mabaya kuliko niliyonayo.

Alikataa kwanza. "Mimi najua tumbaku. Hayo maji ya Wazungu nitayajulia wapi?"

"Baba, wewe nusa tu."

Akanusa ya kwanza. Akanusa tena. "Hii ilikuwa nzuri, ikapigwa jua njiani. Daraja la nne." Akachukua ya pili, akaisogeza mbali mara moja. "Imeoza. Usimpe mtu." Ya tatu aliishika kwa muda mrefu, macho ameyafumba, na nikaona mabega yake yakipanda. "Hii ina moshi kwa mbali. Mpe mtu anayekula nyama ya kuchoma." Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile barua.

Kuanzia hapo tukawa tunakwenda madukani wawili. Mwenye duka alifungua chupa moja katika kila katoni, mimi naipokea, nainusa kwa desturi tu, halafu nampa baba. Yeye ananusa, anachukua tone kwenye ulimi, analizungusha, analitema kwenye kopo la maziwa alilobeba mwenyewe kutoka nyumbani. Kisha anataja daraja. Wenye maduka walimwogopa. Alikuwa na sheria zake ambazo sista hakuwahi kutufundisha. Mbasa alimtafutia mvinyo mweupe mwepesi wenye ukali wa limau. Mbuzi alimtafutia mwekundu mzito. Kuhusu pilau alisema, "Pilau inajitosheleza kwa viungo vyake, wape soda." Nilimcheka, akanikazia macho, nikaandika soda.

Sherehe yetu ya kwanza pamoja ilikuwa harusi ya Mfaranyaki. Chupa kumi na nane, kila katoni imepita puani mwa baba. Chakula kikapakuliwa, nikapeleka chupa kwenye meza ya wazee wa upande wa bibi harusi, nikaanza kumimina. Babu mmoja mrefu, kofia ya sufu kichwani, akaifunika glasi yake kwa kiganja.

"Mwanangu, hii nani ameonja?"

"Imechaguliwa, babu. Baba yangu mwenyewe amechagua, dukani."

"Dukani mimi sikuwepo. Nauliza hapa."

Nikamwita baba. Akaja na koti lake la mtumba, akapokea glasi, akanusa, akachukua tone. Nikaona shavu linavyosogea, na wote wawili tukaelewa kwa pamoja kwamba hapa hakuna kopo. Kutema kinywaji mbele ya wageni ni tusi; ni kuwaambia kwamba kuna kitu ndani na wewe umekiogopa. Baba akameza. Babu akatikisa kichwa. "Hilo tone ni la ndege. Funda lionekane." Baba akameza funda lililoonekana. Kiganja kikaondoka kwenye glasi, meza nzima ikanywa.

Nikafungua chupa ya pili. Kiganja kikarudi.

"Babu, si ndiyo ile ile? Katoni moja."

"Hii ilifungwa peke yake. Nitajuaje iliyomo?"

Ukiitazama kwa macho ya chungu, alikuwa na haki. Chungu kikionjwa kimeonjwa chote. Chupa kila moja ina kizibo chake na siri yake. Meza za jirani zilikuwa zimesikia, na hapakuwa na mzee aliyetaka kuonekana amekunywa kisichoonjwa. Baba akazunguka nami meza baada ya meza, funda baada ya funda, na kila mara aliposhusha glasi walimtazama mdomoni wakisubiri. Yeye naye akaanza kutaja. "Daraja la kwanza." Vigelegele. "La pili, lakini kwa samaki itafaa." Vicheko. Chupa kumi na nane.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama, nikamuuliza kama amechoka. Alikuwa anatembea wima kupita kiasi, kama mtu anayevuka daraja la miti.

"Sijachoka. Umeona walivyokuwa wananisubiri?"

Nilicheka. Nilidhani nimemponya.

Kiangazi kile tulifanya sherehe nyingi, na kilichofuata tulifanya zaidi. Ikawa ndiyo desturi ya mji: mvinyo bila mzee wa kuonja haukuwa mvinyo. Waliniita mimi kwa ajili ya chakula, lakini waliuliza kwanza kama baba ana nafasi. Walimwekea kiti. Njiani watoto wa Mjimwema walimsalimu, "Shikamoo, mteuzi," na yeye akajibu kwa sauti ya zamani, ile ya ghala la tumbaku. Tulikwenda mpaka Hanga kwa sherehe ya upadrisho ya kijana wa ukoo fulani, na huko chupa zilikuwa nyingi hata sikuzihesabu. Najua tu kwamba kwenye gari la kurudi alilala kichwa kikigonga kioo, na mimi nikakiweka begani kwangu nikaona fahari.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Mama hakusoma kwa masista. Alikuwa anapepeta mchele siku moja, kiangazi kile cha pili, akasema bila kuinua macho:

"Mwanangu, baba yako unampeleka wapi?"

"Kazini, mama."

"Kazi hiyo amalize na funda moja. Mvinyo wenu mumimine kwenye chungu, aonje mara moja mbele ya watu, basi. Si ndivyo tulivyokuwa tukifanya?"

Nikamweleza kwa uvumilivu wa msomi kwamba mwekundu na mweupe haichanganywi, kwamba kila mmoja una chakula chake, kwamba ukiichanganya umeharibu uteuzi wote.

"Basi vyungu viwili," akasema mama.

Jibu la neno hilo nimelitafuta kwa miaka mingi na sijalipata, kwa sababu halipo. Wakati ule nilisema watu wanataka kuiona chupa mezani. Ilikuwa kweli. Walitaka kuiona ile picha ya jumba la mawe, walitaka kizibo kitoe mlio, na mimi nilitaka wanione nikiwa nimeshika kifungulio. Nani angemwita binti wa chuo cha masista aje kuchota mvinyo kwa kata? Nilipenda chupa zile zilivyosimama zimepangwa kwenye kitambaa cheupe, na nilipenda jina langu. Mama akaendelea kupepeta. Hakulirudia tena jambo lile, na mimi nilijiambia kwamba kunyamaza kwake ni kukubali.

Kiangazi cha tatu kopo la maziwa lilibaki nyumbani. Nilimkumbusha mara ya kwanza, akasema kutema ni kupoteza. Mikono yake ilitetemeka asubuhi mpaka apate cha kuonja, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kupanga safari za madukani asubuhi. Alianza kuzipenda siku za katikati ya wiki pia. Vitunguu vilikaangwa hapo hapo alipoketi, hakutoka tena nje. Hilo nililiona. Nililiona na sikuliuliza, kwa sababu daraja alilolitaja dukani lilikuwa bado sahihi kila mara, na kwa muda wote daraja lilipokuwa sahihi mimi nilikuwa na kazi na yeye alikuwa na kiti.

Mwaka uliofuata mdogo wangu wa mwisho akaolewa. Sherehe ikafanyika kwetu Mjimwema, na safari hii baba hakuwa mtu aliyekodishwa kuonja. Alikuwa mwenye sherehe. Alinyolewa, akavaa koti, akasema mvinyo wa binti yake atauchagua peke yake, mimi nishughulike na jiko. Nilikuwa na mbasa wa watu wengi wa kukaanga na mbuzi wanne motoni, nikaona ni afadhali. Akaenda dukani bila mimi, akarudi na katoni tatu.

Upande wa bwana harusi ulipofika, nani niliyemwona akiongoza wazee wao? Yule babu mrefu wa Mfaranyaki na kofia yake ya sufu. Bwana harusi alikuwa mjukuu wake. Nilikwenda kumsalimu na mikono yenye unga, akaniambia, "Leo sina wasiwasi. Leo mteuzi yuko kwake." Nikarudi jikoni nimefurahi.

Kutoka nyuma ya nyumba nilisikia kila kitu. Nilisikia kizibo, kimya, halafu sauti ya baba, "Daraja la kwanza!" na vigelegele. Kizibo tena. "La kwanza!" Tena. "La kwanza!" Kila chupa ilikuwa ya kwanza. Baada ya kama ya sita hivi vigelegele vilipungua, nikadhani watu wanakula. Kisha mwanamke mmoja akaleta jikoni chupa iliyobaki nusu, akaiweka karibu na maji ya kuoshea vyombo bila kunitazama. Nilikuwa na kiu. Nikamimina kidogo.

Ilikuwa siki. Haikuwa imepigwa jua kidogo, wala haikuwa ya daraja la nne. Ilikuwa siki kamili, ya kuosha samaki. Nikachukua nyingine kwenye katoni iliyokuwa haijapelekwa, nikaifungua, nikanusa. Siki. Nikatoka mbio na aproni yangu.

Sitasahau nilichokikuta chini ya lile turubai. Wageni walikuwa wanakunywa. Walikuwa wamekaa wima, glasi mikononi, wanakunywa taratibu, nyuso zimetulia kama za watu walioko misani. Hakuna aliyekunja uso. Hakuna aliyeacha. Baba alikuwa amesimama katikati na chupa nyingine, jasho limemjaa, akimimina funda lake lionekane, akilimeza, akiwatazama mmoja mmoja machoni akitafuta kitu ambacho hawakumpa. "La kwanza," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. Yule babu akainua glasi yake, akainywa yote mpaka mwisho, akaishusha mezani.

"Mteuzi hakosei," akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na kifungulio mkononi, akashusha sauti. "Mwanangu, rudi jikoni. Hii tutaimaliza wenyewe."

Wakaimaliza. Katoni tatu. Watu wale waliogopa tone moja lisiloonjwa, na siku ile walikunywa siki mchana kutwa ili mzee mmoja asiaibike nyumbani kwake mbele ya wakwe. Nimeona wema mwingi maishani mwangu. Ule ndio uliokuwa mgumu kuliko wote kuutazama.

Jioni wageni walipokuwa wanaagana, baba alikuja jikoni akakaa kwenye gunia la mkaa.

"Ilikuwaje?" akaniuliza.

"Nzuri, baba."

"Usinidanganye na wewe. Nilitazama nyuso zao sikuona kitu." Akaviangalia vidole vyake. "Mimi sinusi chochote tangu kiangazi cha juzi. Moshi wa jiko hili siusikii. Kule madukani nilikuwa natazama uso wako. Ulikuwa unanusa kabla ya kunipa. Ukikunja pua naiangusha, ukitulia naipandisha. Safari hii hukuwepo."

Nilikaa chini palepale kwenye maji machafu. Kiangazi kizima kilichopita, na nusu ya kilichotangulia, aliyekuwa akichagua mvinyo wa mji huu ni mimi. Pua yangu ilikuwa imejifunza pembeni ya pua yake na mimi sikujua. Sikumhitaji tena hata dukani. Mafunda yote ya tangu wakati ule, meza baada ya meza, aliyameza mtu aliyekuwa hasikii ladha, kwa ajili ya kiti na macho ya watu, na mimi nilikuwa namshika mkono kumpeleka.

Nilimwambia, "Pumzika, baba. Pua itarudi."

Hakupumzika. Baada ya harusi ile hakukubali tena mwaliko wowote, na watu waliacha kumwalika kwa adabu ile ile waliyonywea siki. Akahamia kilabuni, mahali ambapo hakuna mtu anayekuuliza daraja. Nilikwenda kumtoa huko mara nyingi. Alikuja bila ubishi, alinifuata nyuma kwa hatua fupi, na kesho yake alirudi. Padri alikuja akaongea naye, akasikilizwa vizuri. Mama alificha viatu vyake, akaenda peku. Macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, na hospitalini waliniambia kwa Kiswahili chepesi kwamba tumechelewa. Alifariki masika, mahindi yakiwa yamefika magotini. Kile kidole gumba kilikuwa kinasugua mpaka siku ya mwisho.

Mvinyo nao haukudumu. Kamati zilihamia kwenye bia na soda, vizibo vya bati, makreti yaliyopangwa mpaka juu ya paa la gari, na wazee waliokuwa wakifunika glasi kwa viganja walikwisha mmoja mmoja. Sasa watu wanakunywa chochote kilichofunguliwa na yeyote. Hata hicho tulichomuulia baba hakikubaki.

Tulimaliza matanga yake kiangazi. Mama alisema atapika kangara mwenyewe, na kwa siku kadhaa hakutaka msaada wa mtu. Nilipotoka nje asubuhi ile nilikuta ameshapanga mikeka, na katikati ya uwanja ameweka vyungu viwili, sambamba, kila kimoja kimefunikwa kwa ungo. Kimoja kwa upande wa baba, kimoja kwa upande wake, ndivyo alivyowaeleza watu. Mimi hakunieleza. Alinitazama tu.

Watu walijaa kuliko harusi yoyote niliyowahi kupanga. Yule babu mrefu alikuwepo, amezeeka, anaongozwa kwa mkono. Alikalishwa karibu na vyungu, akainua kichwa, akauliza kama alivyouliza siku ile.

"Nani ameonja?"

Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Mama akanipa kata. Nikachota chungu cha kwanza nikanywa funda likaonekana, nikachota cha pili nikanywa funda likaonekana, nikarudisha kata. Watu wakanywa wote, wa karibu na wa mbali, mpaka vyungu vikalia vikikwanguliwa, na hakuna aliyeuliza tena. Mafunda mawili.